Mizani ya Shairi na Mizani ya Haki

Maneno ya kamati ya wakaaji, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa Kabingo katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Kila mwaka inapofika tarehe 20 Juni, sisi wa kamati huombwa tuseme maneno machache. Miaka mingine tulisema juu ya maji, juu ya mgao wa chakula kupunguzwa, juu ya shule, na juu ya miti inayokwisha. Mambo hayo bado yapo, na wenzetu watayasema leo hii hii. Safari hii tuliona tuseme juu ya jambo lisiloonekana sana katika ripoti, ingawa linatugusa kila siku. Nalo ni hili: namna tunavyosema tukiwa mbele ya sheria, na namna tunavyowasikiliza wengine wanapokuja kusema mbele yetu.

Katika kamati yetu hamna wakili hata mmoja. Mna wakulima, mna mama mshonaji, mna muuguzi, mna mwalimu wa zamani, na mna kijana anayechora vibao vya maduka na saluni. Tulipokuwa tukitafuta mfano wa kuwapa, mwalimu alitukumbusha watu wawili wa Tanganyika waliokuwa washairi, na tena waliokabidhiwa kazi ya sheria. Kwa kadiri tulivyozungumza juu yao, tuliona kwamba wana neno kwetu sisi wa Nakivale. Ndiyo sababu tunawaleta mbele yenu.

HAKIMU MTUNGA NGONJERA

Wa kwanza ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, upande wa Dodoma, akafariki mwaka 1969. Alikuwa mtumishi wa serikali tangu enzi za Mwingereza, akafika kuwa liwali na hakimu. Kwa vijana wasiolijua neno hilo, liwali alikuwa mtu wa serikali aliyesimamia watu na kuyasikiliza mashauri yao. Kwa hiyo Mnyampala aliketi miaka mingi akiwatazama watu wawili wenye ugomvi, kila mmoja akiapa kwamba haki ni yake.

Lakini watu wanamkumbuka zaidi kwa kalamu yake. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 ilitoka diwani ya mashairi yake. Na mwaka 1970, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, kilitoka kitabu cha Ngonjera za UKUTA, yaani ngonjera za chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi cha Tanzania. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera kama tunavyozijua leo.

Wengi wenu mmeziona ngonjera shuleni. Watoto wawili, au makundi mawili, husimama mbele ya watu na kushindana kwa beti. Huyu husema, yule hujibu. Anayejibu hawezi kumkata mwenzake katikati ya ubeti. Lazima angoje mpaka umalizike. Wala hawezi kujibu jambo ambalo halikusemwa, kwa kuwa watazamaji wamesikia na watamcheka. Kisha anapewa nafasi iliyo sawa na ya mwenzake: beti kwa beti, mstari kwa mstari. Mwisho wake wanapatana.

Sasa fikirini, ndugu zetu. Huo si mpango wa baraza lenye haki? Mlalamikaji aseme mpaka amalize. Mlalamikiwa asikie kila lililosemwa juu yake, kisha ajibu kwa muda ule ule. Watu waliokaa pembeni wasikie yote mawili. Hatuwezi kusema kwamba Mnyampala aliitoa ngonjera mahakamani, au kwamba aliipeleka huko. Tunasema tu kwamba mtu mmoja alifanya kazi zote mbili, na kazi hizo mbili zina mfupa mmoja.

Jambo lingine la kuangalia ni kile kitabu cha mwaka 1954. Mtu anayeamua mashauri ya watu kwa mila zao, halafu akakaa chini akaziandika mila hizo, amejifunga mwenyewe. Kesho hawezi kusema kwamba mila ni hivi kwa tajiri na vile kwa maskini, kwa maana kitabu kipo. Kuandika kunamlinda mnyonge. Tunawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye daftari la kamati.

Hata hivyo tusijidanganye. Ngonjera ina kasoro moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera nyingi zilitungwa ili kueneza siasa ya nchi. Mtunzi alijua tangu ubeti wa kwanza ni nani atakayeshinda na ni nani atakayekubali kosa. Upande wa pili uliwekwa pale ili ushindwe. Katika kufundisha, hilo laweza kuvumilika. Katika kuhukumu ni dhuluma. Mzee wa baraza akishajua nyumbani kwake nani atashinda, hata akimpa kila mtu nafasi ya kusema mchana kutwa, amewachezesha ngonjera tu.

WAZIRI WA SHERIA NA SHERIA ZA VINA

Wa pili ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Huyu alizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma, mwaka 1924. Ndugu zetu wa Uvira, Fizi na Kalemie, na ninyi wa Rumonge, Ujiji mnaijua. Iko kando ya Ziwa Tanganyika. Kiswahili chake ni cha bandari ile ile ambayo babu zetu walivuka kwenda kufanya biashara.

Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu alichokiita Sheria za Kutunga Mashairi, pamoja na diwani yake. Humo alieleza vina ni nini, mizani ni nini, na shairi likikosa hivyo limekosa nini. Kwa wasiozoea mambo hayo, mizani ya shairi ni hesabu ya silabi katika mstari. Katika shairi lililozoeleka, mstari mmoja una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Ikipungua moja, sikio linajikwaa. Ikizidi moja, vilevile.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1963, mtu huyu aliyekuwa ameandika sheria za mashairi aliwekwa kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Kabla ya hapo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Hakuishi maisha marefu. Alifariki Ujerumani mwezi Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake hadi leo.

Mwaka huo wa 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Kabla yake, mahakama za kienyeji zilikuwa karibu na mikono ile ile iliyotawala na kukusanya kodi, yaani watemi na maliwali. Sheria hiyo mpya ilileta Mahakama za Mwanzo kwa watu wote, na lugha yake ikawa Kiswahili. Tena kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Mkulima alisimama mwenyewe, akasema mwenyewe, kwa maneno aliyoyajua, mbele ya hakimu aliyeyajua vilevile. Katika mahakama za juu Kiingereza kiliendelea kutawala. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Tanzania ilipoweka katika sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zake. Ni zaidi ya nusu karne. Mambo ya haki huenda polepole, ndugu zetu, tusikate tamaa.

Lugha yetu ina neno moja lenye kazi mbili. Mizani ni ile ya mshairi anayehesabu silabi, na mizani ni ile ya sokoni ambayo watu wa sheria huichora iwe alama ya haki. Anayepima maharage hapa sokoni akiweka kidole kwenye sahani, mnamjua. Mshairi akiongeza silabi ya uongo, sikio linamjua. Anayebeba maneno ya mtu mwingine kuyapeleka mbele ya sheria naye ana mizani yake. Akiongeza, ameiba. Akipunguza, ameiba.

NENO LIKIPUNGUA

Hapa tunaingia nyumbani kwetu. Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, inasema kwamba mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Kiswahili chenyewe kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005. Lakini wenyeji wetu wengi husema Runyankore, na kwa muda mrefu Waganda wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari. Na kati yetu wenyewe kuna Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, Mhabeshi na Msudani Kusini. Hakuna shauri katika Nakivale lisilopita mdomoni mwa mkalimani.

Tuwape mifano miwili ambayo tumeiona zaidi ya mara moja.

Mtu kutoka Kivu anaulizwa: una ndugu wangapi? Anajibu: tisa. Kwake ndugu ni mtoto wa mama yake, na mtoto wa baba mdogo, na yule yatima waliyelelewa naye. Mkalimani anaandika ndugu tisa wa tumbo moja. Baada ya miaka mitatu anaulizwa tena, na safari hii swali ni juu ya watoto wa mama yake. Anajibu: wanne. Karatasi mbili zinawekwa pamoja, na mtu anaonekana mwongo ambaye hakusema uongo hata siku moja.

Mfano wa pili ni mgumu, na mama zetu watusamehe. Mwanamke anaulizwa askari walimfanyia nini. Anaangalia chini, anasema: walinifanyia mabaya. Kila mama aliyeketi hapa anajua maana yake. Mkalimani kijana, kwa haya au kwa haraka, anaandika kwamba alipigwa. Neno moja limepungua, na pamoja nalo yamepungua matibabu aliyostahili, ulinzi aliostahili, na haki aliyostahili.

Wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba kwa heshima: ulizeni mara ya pili kwa upole. Mtu akisema ndugu, mwulizeni ni ndugu kwa nani. Akisema mabaya, mtafutieni mwanamke mwenzake wa kuongea naye. Na mtu asipokumbuka tarehe, msimhesabie kosa. Aliyekimbia usiku hakubeba kalenda. Mwulizeni kama mvua ilikuwa inanyesha, kama maharage yalikuwa yamevunwa, kama mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza kutembea. Atawajibu vizuri kuliko mnavyodhani.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Tusiwaseme wengine peke yao. Sisi wa kamati tuna deni, na leo tunalisema hadharani, kwa ruhusa ya wale linalowahusu. Majina yao tunayaacha.

Kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Upande mmoja alikuwa mwanamume msemaji hodari, mwenye Kiswahili kizuri na maneno ya adabu. Upande wa pili alikuwa bibi mzee, mjane, ambaye Kiswahili chake ni kidogo. Tukakaa chini ya mti, tukamsikiliza yule mwanamume karibu saa nzima. Bibi alisema maneno machache. Aliyemtafsiria alikuwa mpwa wa yule mwanamume, na sisi tulilijua hilo, tukasema haidhuru, maana mtu mwingine hakuwapo. Tukaamua. Bibi akapoteza mistari minne ya mihogo. Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi tukaicheza.

Siku chache baadaye bibi yule alikwenda kwa kijana wetu mchora vibao, akakaa mlangoni pake bila kusema kitu. Kijana hakuwa na lugha yake. Akachukua kipande cha mkaa, akampa, akamwonyesha ubao ambao haujapakwa rangi. Bibi akachora. Akaweka kichuguu, akaweka njia ya kwenda kisimani, akaweka kisiki cha mti, kisha akapiga mstari kutoka kisiki hadi kichuguu. Halafu akachora njia ya pili, mpya, pembeni ya ile ya kwanza, akaigonga kwa kidole mara nyingi.

Kijana wetu alituambia baadaye kwamba mtu anayechora vibao hujifunza kupima kwa jicho, kwa sababu herufi zikisogea kidogo mteja hukataa kulipa. Aliuangalia ubao ule akaona kwamba bibi hakubahatisha; umbali wake ulikuwa wa mtu anayekijua kitu chake. Akatuita. Tukaenda shambani wote, tukafukua, kisiki kikaonekana chini ya majani. Ndipo tulipoelewa. Njia ya kisimani ilikuwa imehama baada ya mvua kubwa, na yule mwanamume alikuwa akipima kutoka njia mpya. Huenda hata yeye hakukusudia hila. Lakini sisi tulikuwa tumekosa.

Tukarudi chini ya mti, safari hii na mkalimani asiye jamaa wa upande wowote. Tukamrudishia bibi mistari yake, tukamwomba radhi. Alisema neno moja ambalo mkalimani alilitafsiri hivi: sasa mmeniona.

Tangu siku ile kijana huyo huenda nasi kwenye kila shauri la mipaka, na ubao wake. Kwanza tunamwacha kila mtu achore peke yake, bila mwenzake kuona. Baadaye tunaziweka picha mbili pamoja. Mara nyingi ugomvi wote unaonekana katika sehemu moja ndogo tu, na mengine yote wanakubaliana.

PICHA ZA WATOTO WA DARFUR

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya kambi tu. Mwaka 2007 mtafiti wa shirika moja la Uingereza alikwenda katika kambi za wakimbizi mashariki mwa Chad, waliko watu waliokimbia vita vya Darfur. Alikuwa akiongea na akina mama, na watoto wao walikuwa wakizunguka pale. Akawapa karatasi na kalamu za rangi. Watoto walichora nyumba zinazoungua, ndege zinazoangusha mabomu, watu wenye bunduki juu ya farasi na ngamia, na watu wamelala chini. Zilikusanywa picha kama 500. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, ilizipokea ziwe ushahidi wa kuonyesha mazingira ya makosa yaliyotendeka kule.

Tazameni jinsi mahakama ilivyozipokea. Haikusema kwamba picha ya mtoto inatosha kumfunga mtu. Ilizipa uzito wake, si zaidi na si pungufu. Huo nao ni upimaji. Na picha zile zilikuwa na nguvu kwa kuwa watoto walichora walichokiona wao.

HADITHI ZA KUNUNUA

Neno hilo linatuleta kwenye jambo la mwisho, ambalo baadhi yenu hamtapenda kulisikia.

Hapa kambini wapo watu wanaouza hadithi. Mnawajua. Humwendea mtu anayengoja mahojiano, yale tunayoyaita intavyu, na kumwambia: kisa chako ni kidogo, hakitakufikisha popote, lete pesa tukupe kisa kilichompeleka fulani Marekani. Mtu maskini anauza mbuzi, anauza nguo za watoto, ananunua machozi ya mtu mwingine.

Tunasema hivi bila kuzungukazunguka: hiyo si sanaa, na anayeiuza si fundi. Fundi wa maneno huanza na kitu chake mwenyewe. Mnyampala aliandika mila za Wagogo kwa sababu yeye ni Mgogo. Hadithi ya kununua ni kama nguo ya kuazima; kwa mbali inapendeza, lakini ukiambiwa uiname inapasuka. Na katika mahojiano utaambiwa uiname. Utaulizwa leo, utaulizwa baada ya mwaka, utaulizwa na serikali, na shirika, na nchi itakayokupokea, na kila mmoja ataandika. Mshairi akiharibu mizani mstari mmoja, msikilizaji huanza kuitilia shaka mistari yote. Hivyo ndivyo ilivyowapata wenzetu kadhaa. Kisa chao cha kweli kilitosha kabisa, wakakitupa, wakakiweka cha bandia, na sasa hata ukweli wao hausadikiwi.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 haimuulizi mtu kama kisa chake kinaliza kuliko cha jirani. Inauliza kama ana sababu ya kweli ya kuogopa kurudi kwao. Wengi wetu tulipokelewa kwa pamoja kwa kuwa vita vya kwetu vilijulikana. Wengine walihojiwa mmoja mmoja. Aliyekataliwa na kamati inayoamua ukimbizi ana siku 30 za kukata rufaa tangu apewe taarifa. Tunarudia: siku 30. Msizimalize kwa watu wanaouza hadithi. Nendeni kwa wanasheria wa mashirika ambao hawadai senti, mkawaambie lile lililowapata, kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi mwisho, na pale msipokumbuka semeni hamkumbuki.

TULIYOAZIMIA

Kwa hayo yote, sisi wa kamati tumeazimia mambo yafuatayo, nasi tunawapa ruhusa mtuulize mwakani kama tumeyatimiza.

1. Hatutasikiliza shauri lolote ambalo mkalimani wake ni jamaa wa upande mmoja. Afadhali tuahirishe.

2. Kila upande utapewa muda sawa, na hakuna wa kumkata mwenzake. Vijana wa ngonjera za shule watatusaidia kushika saa, wao wameshazoea.

3. Kila uamuzi utaandikwa katika daftari, na utasomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili, kwa lugha wanayoielewa, kabla hawajatia sahihi au dole gumba. Asiyeridhika atapewa nakala aende mbele.

4. Hatutapatanisha kesi za kubaka, za kunajisi watoto, wala za kumwaga damu. Hayo si yetu. Hayo ni ya polisi na ya mahakama, ikiwa ni ile mahakama inayotembea inayokuja kuketi hapa kambini, au ni Isingiro, au ni Mbarara. Mzee atakayepokea mbuzi ili amalize kesi ya namna hiyo nyumbani, sisi wenyewe tutamtaja.

Ndugu zetu, hatukuja hapa na vitu vingi. Shamba lilibaki, nyumba ilibaki, wengine hata makaburi ya wazazi hawajui yako katika hali gani. Kitu ambacho kila mmoja alivuka nacho mpaka ni neno lake juu ya yaliyompata. Hilo halipimwi kwa kilo kwenye mgao, wala halipunguzwi bajeti ikipungua. Tulitunze. Tulipime kabla ya kulitoa, na mwenzetu akilitoa lake, tumngoje mpaka amalize ubeti wake.